Ulimi wa Kuazima

Katika maisha yake yote Bondia alipigwa ngumi moja tu ya maana. Nyingine zote, na zilikuwa nyingi, alizichukulia kama manyunyu. Hiyo moja ilimpata raundi ya sita, chini kidogo ya jicho la kulia, kutoka kwa mpinzani aliyepiga kwa mkono wa kushoto, watu wakamwita Shoto. Bondia aliusikia mfupa wa shavu ukivunjika ndani ya kichwa chake mwenyewe. Akaanguka chali, kisogo kikagonga mbao za ulingo, na refa akamhesabia hadi kumi mtu ambaye hasikii.

Hospitali walimshona, wakamfunga, wakamrudisha nyumbani na uso uliokaa upande. Hilo hakulijali sana, kwani hata kabla ya hapo hakuwa kijana wa kugombewa. Kilichomtia wazimu ni chakula. Mkewe alimletea supu ya kuku, akanywa maji ya moto. Akamletea chungwa, akatafuna kitambaa kilicholowa. Daktari akamweleza bila kuzunguka kwamba kunusa na kuonja vimekwenda na havirudi, na Bondia akalibamiza bakuli ukutani. Mwaka ule aliyabamiza mengi, mpaka mkewe akahamia kwenye mabakuli ya bati.

Siku moja mama wa watu uvumilivu ukamwisha. Akachukua pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu ambazo hata mbili zinatosha familia nzima, akazisaga kiganja kizima na kuzimwaga kwenye mchuzi wa mumewe, huku akisema moyoni, haya, leo tutajuana. Bondia akapiga kijiko cha kwanza. Akasimama. Macho yakamtoka, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola, na mkewe akaanza kupima umbali wa mlango.

"Ongeza," akasema Bondia, na alikuwa akilia.

Pilipili haiwashi kwa ladha, inawasha kwa maumivu, na maumivu ndiyo kitu pekee ambacho Shoto hakuweza kumnyang'anya. Kuanzia hapo Bondia alikula pilipili na chai ya asubuhi, akala na mkate, akala na tikiti maji. Ngumi zikiwa zimemkataa, akafungua mgahawa wa meza sita, kuku wa kuchoma na viazi vya kukaanga, na katikati ya kila meza mitungi mitatu ya sosi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Wa kwanza uliitwa Jabu, kama ile ngumi nyepesi ya kupimia, wa wageni na wenye vidonda vya tumbo. Wa pili Mbavu. Wa tatu Nokauti, na huo haukupakuliwa mpaka mteja aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anautaka.

Watu walikuja kuteswa na walilipa kwa furaha. Karani wa benki alifungua tai, akachovya kuku kwenye Nokauti, masikio yakamwiva, akapiga meza ngumi tatu na kuita maji, na kabla maji hayajafika alishachovya tena. Fundi wa magari alikula huku kamasi zikimtoka, akicheka, akimtukana Bondia na ukoo wake wote. Ukimuuliza anafuata nini, alijibu kwamba akitoka pale kichwa kinakuwa chepesi na ugomvi wa mke wake anausikia kwa mbali. Bondia aliwatazama kupitia dirisha la jikoni na kuona raha ya mtu anayeangusha watu bila kuitwa polisi.

Lakini sosi si moto peke yake. Ina chumvi yake, siki yake, kitunguu saumu na ndimu, na hivyo vyote kwa Bondia vilikuwa sawa na mchanga. Marehemu mkewe ndiye aliyemwonjea, na alipofariki kazi hiyo ikamwangukia binti yao wa pekee. Kila asubuhi saa nne binti alichovya ncha ya kijiko, akafumba macho, akasema, "Chumvi bado," au "Siki imepanda, baba," na Bondia akatii kama mtoto wa chekechea. Mtu mwingine yeyote angemwambia hivyo angeokota meno.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Bondia aliacha ulingo, ila ulingo haukumwacha. Muuza mkaa alipunja gunia, akavunjwa taya. Mteja mmoja alimshika binti kiuno, akatoka nje bila kuufungua mlango kwanza, na seremala akaja kuutengeneza mlango. Binti alisafisha damu mara ya kwanza, akasafisha mara ya pili, na mara ya tatu aliweka dekio chini.

"Baba, nisikilize vizuri. Ile hoteli kubwa wameniita jikoni kwao mara mbili, nimekataa kwa ajili yako. Siku utakayompiga mtu tena humu ndani, nakwenda. Sisemi kwa hasira."

"Hata akinitukana?"

"Hata akikutemea mate."

"Basi nimeapa, mama," alisema Bondia, ambaye alimwita bintiye mama kama baba wengi. Akaapa kwa kaburi la mkewe, na miezi kumi na moja akakaa na kiapo chake, akimaliza hasira zake kwenye kinu.

Jambo moja tu alimkatalia bintiye. Binti alimnunulia glavu za mpira za kusagia, kwa sababu pilipili inaingia kwenye ngozi ya vidole na kukaa humo nusu siku. Bondia akazitazama na kucheka. "Glavu nimevaa miaka kumi na mbili, na faida yake unaiona usoni kwangu." Alikamua na kuchambua kwa mikono mitupu, na sheria ya jikoni ikawa ni mikono kwanza kwenye mafuta, kisha sabuni, na asimguse mtu mpaka hapo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana, meza zote zimejaa. Bondia yuko jikoni, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, akipondaponda Nokauti mpya. Akaingia mzee mmoja mrefu, anachechemea, kofia mkononi, akaketi na fundi wa magari na kuagiza kuku mzima.

"Na ile sosi inayosifiwa mji mzima," akasema. "Ile ya kuua."

Akala. Na lazima niseme ukweli, alikula vizuri kuliko mteja yeyote aliyewahi kukaa pale. Hakuita maji. Aliuacha moto umpande, akatikisa kichwa, machozi yakashuka hadi kwenye kidevu, akafuta sahani kwa kiazi cha mwisho. Bondia kule dirishani alikwishaanza kumpenda.

"Hii," mzee akamwambia fundi, "inapiga kama mkono wangu wa kushoto."

"Ulikuwa unapigana, mzee?"

"Mimi? Kuna jamaa mmoja nilimvunja uso raundi ya sita, mpaka leo nikikumbuka ule mlio napata usingizi mtamu. Lakini mkono haukuwa peke yake." Akacheka, akashusha sauti, ila mtu aliyezoea kelele za ulingoni akishusha sauti bado mgahawa mzima unasikia. "Tulilowesha bandeji kwa plasta. Ile ya kufungia mifupa. Ikakauka ndani ya glavu. Yule maskini alipigwa na ukuta."

Mchi ukasimama kwenye kinu.

Miaka ishirini na mitatu Bondia aliamini kwamba alipigwa kihalali. Aliamini kwamba palikuwa na mtu hodari kuliko yeye, na imani hiyo ndiyo iliyomwezesha kulala. Sasa aliyatazama mabega ya yule mzee, bega la kushoto limetangulia kidogo, akamjua. Shoto hakumjua yeye. Angemjuaje, na kitambi kile na ndevu zile?

Binti aliuona uso wa baba yake kutoka upande wa pili wa jiko. "Baba. Baba, hapana. Umeapa."

Bondia alimsikia. Siwezi kumtetea kwa kusema hakusikia. Alisikia kila neno, akapita.

Ngumi ya kwanza ilimkuta Shoto akiwa bado na tabasamu. Pua ikapasuka, kiti kikaenda nyuma, sahani zikafuata. Bondia akamwinua kwa kola na kumpiga mdomoni, na jino likatoka na kugonga mtungi wa Jabu. Shoto akapiga yowe ambalo si la ngumi, kwani alishapigwa ngumi za kutosha maishani kujua maumivu yake. Ilikuwa pilipili ya mikono ya Bondia, inayoingia kwenye kila mpasuko. Akapangusa jicho, akajimalizia jicho lenyewe. Hata hivyo ule mkono wa kushoto uliinuka wenyewe, ukamkuta Bondia kwenye mbavu na kumtoa pumzi, na meza ya karani wa benki ikavunjika chini yao. Wateja walipanda viti. Fundi wa magari alijaribu kuamua ugomvi, akapigwa teke la bahati mbaya na kwenda kukaa chini karibu na friji.

"Plasta!" Bondia alipiga kelele, na kila neno lilikuja na ngumi yake. "Ulinipiga! Kwa! Plasta!"

Alirudisha mkono nyuma kwa ngumi nyingine, na binti alikuwa hapo nyuma, amekuja kuushika. Kiwiko kikampata juu ya jicho.

Nyusi ikachanika. Damu ikashuka kama inavyoshuka kwa mabondia, nyingi kuliko kidonda chenyewe, ikafunika jicho lote. Bondia akageuka, akaona, na hasira yote ikamtoka mara moja, akabaki na kitu kimoja tu alichofundishwa tangu ana miaka kumi na sita. Ulingoni nyusi ikichanika, mtu wa kona, yule anayemhudumia bondia kati ya raundi, hangoji. Anaweka kidole gumba juu ya kidonda na kukandamiza kwa nguvu mpaka damu ikome. Bondia alimkamata bintiye kichwa kwa mkono mmoja, akampenyeza gumba la mkono wa pili kwenye mpasuko, akakandamiza.

"Tulia, mama, tulia, inakoma, inakoma."

Gumba lile lilikuwa limesaga Nokauti tangu saa tatu asubuhi.

Ukelele aliopiga binti ulisikika mpaka kwenye karakana za ng'ambo ya barabara. Alimsukuma, akaanguka magoti, akijishika uso, na pilipili ikishuka na damu ndani ya jicho. Bondia akainama kumshika tena, kwa mikono ileile, kwa sababu hakuwa na mingine.

"Usiniguse! Baba, usiniguse!"

Akarudi nyuma mpaka ukutani. Mtu aliyejua kuliko wote pale dawa ya pilipili ni nini alisimama hapo, hajui hata jina la maziwa.

Aliyechukua hatua ni Shoto. Pua yake imelala shavuni, jicho moja limefumba, akatambaa kwa mikono na magoti hadi kwenye friji, akampita fundi, akatoa jagi la maziwa. Naye aliwahi kukaa kona za watu baada ya mguu kumharibikia. Akajimwagia kwanza mikononi, akaisugua kwa sabuni ya sinki, akachukua kitambaa safi, ndipo akamgusa binti. "Inua kichwa, mwanangu. Fungua jicho. Najua, najua, fungua." Alimwosha kwa maziwa, kisha kwa maji jagi zima na jingine, akakandamiza kidonda kwa kitambaa, damu yake mwenyewe ikimdondokea kwenye shati. Ndiye aliyemshika mkono kumpeleka zahanati, wakitembea kama vipofu wawili, na Bondia akawafuata kwa mbali hatua ishirini, kwa sababu kila alipokaribia binti alisimama.

Jicho lilipona. Nyusi ilishonwa nyuzi tano. Siku hiyohiyo binti alihamia kwa shangazi yake, dada wa Bondia, mwanamke asiyeogopa bondia wa aina yoyote, ambaye alisimama mlangoni na kumwambia kaka yake, "Nenda zako. Akikutaka atakuja." Jumatatu binti akaanza kazi kule hotelini. Aliahidi kwamba angekwenda, na yeye alitimiza ahadi yake.

Bondia alisaga peke yake. Siku ya kwanza chumvi ilizidi, karani wa benki akaacha kuku nusu, akaondoka. Siku ya pili akaogopa chumvi, sosi ikawa moto mtupu usio na mwili. Siku ya tatu fundi wa magari alitema sakafuni na kusema hii ni siki ya kuoshea vioo. Bondia akamwendea, ngumi imekunjwa, akafika mezani, kisha akachukua dekio na kupangusa mate ya fundi. Usiku hakulala. Alimkosa binti yake kwa uchungu ambao pilipili haikuufikia, na alishajaribu.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Shoto akaingia jikoni na plasta puani.

"Toka," akasema Bondia.

"Binti yako ndiye kanituma."

"Muongo."

"Kasema wewe husikii chumvi. Kaniuliza kama mimi nasikia, nikamwambia nasikia vizuri tu. Kasema basi nikulipe kwa ulimi wangu." Shoto alibaki mlangoni, hakumpa mgongo. "Na kasema usinipe kijiko mpaka unawe kwa mafuta."

Hapo Bondia akajua kwamba si uongo. "Yeye anakuja lini?"

"Hilo hakusema."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akanirudisha kwenye habari ya chumvi." Shoto akakohoa. "Mimi kuomba msamaha sijui, kaka. Sikufundishwa. Nimekuja kuonja."

Kidevu cha Shoto kilikuwa wazi, mikono yake iko chini, na Bondia aliona njia tano za kumlaza pale pale. Akaiingiza mikono kwenye bakuli la mafuta, akasugua kidole kimoja kimoja, akanawa kwa sabuni, akafuta. Akampa kijiko.

Shoto akachovya, akafumba macho. Moto ukampanda, jasho likamtoka juu ya plasta.

"Chumvi bado."

"Una uhakika?"

"Bado."

"Angalia vizuri."

"Bado, kaka."

Angekuwa bintiye, Bondia asingemuuliza hata mara moja. Alikaa na kopo la chumvi mkononi, akimtazama mtu aliyempokonya ulimi, akauliza mara ya tatu, kisha akatia.