Kiti au Spea

Nimeendesha lori la majani chai miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote sikutoka getini hata siku moja bila spea. Waulize. Wakulima wa Nyaramba waliniita Omosa Spea, na sikukasirika, maana ni kweli. Vijana wa kiwandani walinicheka kila asubuhi nikilipiga teke tairi la akiba nisikie kama lina upepo. Wacheke tu. Nani aliwahi kulala barabarani na tani tatu za majani yanayogeuka meusi? Si mimi.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba kosa nililofanya nililifanya nikijua. Mjinga husamehewa. Mimi sikuwa mjinga.

Mwaka jana kisukari kilinila mguu wa kushoto, chini ya goti. Kilianza na kidonda kidogo cha kidole, nikakipaka hiki, nikakipaka kile, ubishi mwingi, mpaka daktari akaniambia nichague: mguu au uhai. Nikatoa mguu. Kanisani wakaniletea kiti cha magurudumu, kizuri, cha kukunjika. Lakini boma letu liko kwenye mteremko na choo kiko nyuma ya migomba. Mvua ikinyesha, kiti hakifiki. Basi mke wangu Bosibori, ambaye mgongo wake umeharibiwa na vikapu vya chai, ndiye anayenishika kiunoni na kunipeleka. Halafu anangoja nje. Halafu anaita, "Baba Lewis, umemaliza?"

Jamani! Mzee wa kanisa, babu wa wajukuu wanne, anaulizwa kama amemaliza.

Watu walidhani nilitaka mguu wa bandia nitembee sokoni nionekane. Mimi nilitaka kwenda choo peke yangu. Sikutaka kingine.

Fundi wa miguu huja Nyamira mjini mara moja kwa miezi mitatu, Ijumaa moja tu. Safari iliyotangulia alinipima. Safari hii mguu ulikuwa tayari, umeandikwa jina langu, nimebaki kuvishwa tu na kufundishwa kuutembelea. Karatasi ilisema niwe nimefika kabla ya saa saba mchana. Fundi mwenyewe ni Msabato kama sisi, kwao ni mbali, na jua la Ijumaa halimzamii njiani, maana likizama Sabato imeingia. Hapo siwezi kumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kijana wangu Lewis, anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi, akasema, "Tata, nitakupeleka mimi mwenyewe." Akafika Alhamisi na kigari chake cha mbio. Ala! Kigari chekundu, viti viwili tu, kimelala chini hata kuku wetu walikipanda bila kujisumbua. Ukisikia ngurumo utadhani linakuja lori, kisha kinatokea kitu kama kiatu. Nilikipenda, sikatai. Dereva ni dereva.

Ijumaa asubuhi, kiti changu kikakataa kuingia kwenye buti. Tukakikunja, tukakigeuza, tukakivua magurudumu. Wapi! Ndani tulikuwa tumejaa sisi wawili. Kwenye buti kilichozuia ni spea na jeki yake.

Lewis akajikuna kichwa. "Tata, kuna njia mbili. Tutoe spea, kiti kiingie. Magari haya wenyewe huitoa spea ili yawe mepesi. Nina kopo la povu, ukipata pancha unapuliza unaenda zako. Ama tuache kiti hapa, tukifika nikubebe mgongoni. Ni hatua chache tu. Amua wewe."

Amua wewe! Tangu nikatwe mguu hakuna mtu aliyeniambia maneno hayo. Ugali wangu unapimwa, uji wangu umenyimwa sukari, saa ya kulala naambiwa. Sasa nimepewa jambo moja la kuamua, tena la magari.

Bosibori alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Lewis, heri ubebwe. Wewe si ndiye uliyekuwa ukisema gari bila spea halijafika bado? Huyu ni mtoto wako, si mtu wa kando."

Nikamfokea. "Mimi si wa kufungwa leso mgongoni!"

Kusema kweli, niliona mbele yangu lile geti la kliniki. Madereva hukaa pale wakipiga soga, na wengi wao niliwafundisha kazi mimi. Niliwaza jinsi watakavyoniona nimening'inia kwenye shingo ya kijana. Aibu ikanipanda. Nikasema, "Toa spea."

Lewis akaitoa akaiegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Nikaigonga kwa fimbo. Ilikuwa nzima kabisa, na upepo wa kutosha.

Safari ilikuwa tamu, kwa nini nidanganye? Lewis alikichezea kigari kwenye kona na mimi nikacheka kama kijana. Tukapita Ikonge saa tano. Mbele kidogo nikaliona shimo kabla yake, lina jiwe kali pembeni. "Shimo!" nikapiga kelele, na ule mguu usiokuwepo ukakanyaga klachi. Pu! Kigari kikainama upande mmoja kikanyamaza.

Jiwe lilikuwa limelichana tairi ubavuni. Lewis akapuliza povu lake. Likaingia huku likatokea kule, kama uji unaofurika sufuria. Akapuliza mpaka kopo likaisha. Akakimbia hadi Ikonge, akarudi na pikipiki na fundi wa tairi, Momanyi, ambaye ananijua tangu enzi za lori.

Momanyi akaingiza kidole kwenye ule mpasuko, kikapita chote. Kisha akaniona ndani ya gari. "Haiya! Omosa Spea? Wewe ndiye umetoka bila spea?"

Kuna ile methali ya asiyesikia la mkuu na kuvunjika guu. Mimi hata guu la kuvunja sikuwa nalo, na mkuu nilikuwa mimi.

"Hili halishoneki," Momanyi akasema. "Na tairi ya kimo hiki hapa hatuna. Labda Kisii mjini."

Kutuma pikipiki nyumbani ikalete spea, ije ifungwe, tuondoke: saa saba ingekuwa imepita. Tukasimamisha magari. Yaliyopita yalikuwa yamejaa, maana Ijumaa kila mtu anawahi nyumbani kupika kabla Sabato haijaingia. Ikabaki ile pikipiki moja. Mwenye pikipiki mbele, mimi katikati, Lewis nyuma amenikumbatia nisianguke. Kiti hakikuwa na mahali. Momanyi akaahidi kwamba akipata pikipiki nyingine atakituma. Nilikiacha kimekaa kwenye majani kando ya barabara, wazi, kinaningoja.

Njiani mvua ikatukuta. Mwenye pikipiki akapunguza mwendo, na alifanya vizuri, barabara ilikuwa inateleza. Kila tuta likanikumbusha uji niliokunywa asubuhi. Haja ikanibana, nikajizuia. Nikamwomba Mungu mambo mawili: fundi achelewe, nami nivumilie.

Tulifika saa saba na dakika ishirini. Lewis akachuchumaa kwenye matope mbele yangu. "Panda, Tata."

Nikapanda. Kulikuwa na lingine? Nikamshika shingo, akanishika paja moja kwa mkono huu na kigutu kwa mkono ule, tukapita getini. Madereva walikuwepo kweli, wamejibanza chini ya paa. Mmoja akasema, "Huyo si Omosa?" Mwingine akamwambia anyamaze. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Ndani, muuguzi aitwaye Bochaberi alikuwa anafunga daftari. Alipotuona akaweka mkono mdomoni. "Pole, mzee. Fundi ameondoka sasa hivi. Alikungoja mpaka saa saba na robo. Alisema kwao ni mbali."

"Na mguu?"

Akageuka kutazama rafu. Ulikuwa pale, umevikwa soksi ya kijivu, karatasi imefungwa kwenye kifundo: OMOSA, KUSHOTO.

"Si ule pale!" nikasema. "Nivishe basi, binti yangu. Ni kufunga mikanda tu."

"Mzee, siruhusiwi. Ukivaa vibaya utachubuka, kidonda kitarudi, na safari hii watakata juu ya goti. Nimekuandikia Novemba."

Novemba! Tulikuwa Agosti. Niliutazama mguu wangu, hatua nne kutoka nilipokuwa, na hatua hizo nne sikuwa nazo.

Lewis alikuwa bado amenibeba. Hakuna aliyetupatia kiti, au labda walitupatia na hatukusikia. Nikahisi mabega yake yanatikisika. Ukiwa mgongoni mwa mtu humwoni uso. "Nisamehe, Tata," akasema. "Ni gari langu hili."

Nilitaka kumwambia si yeye wala si gari. Ni mimi, mzee mwenye majivuno, niliyesema toa spea nisibebwe, na sasa nimebebwa. Moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

"Unataka nikupeleke wapi sasa?" akauliza.

"Choo," nikasema. "Upesi."

Akanipeleka nyuma ya jengo, mvuani. Akaniingiza, akanishikisha ukuta, akatoka akauegemea mlango kwa nje. Nikasimama pale kwa mguu mmoja, maji yakinitiririka kichwani, nikashukuru angalau kwa ule mlango. Baada ya kitambo kidogo akabisha.

"Tata, umemaliza?"