Mazishi ya Sauti Tupu

Leo nimemuonyesha mama mazishi ya mwanawe, na hajaona kitu.

Bi Zuhura, jirani yangu hapa Kerege. Mwanawe kafia Omani, kazikwa hukohuko. Wenzake wakamtumia linki ya video. Yeye ana simu ya kitochi, isiyo na intaneti, ndo akaja steshenari kwangu.

Nikafungua kwenye kompyuta. Sauti ikaja. Picha nyeusi tii.

Eti brauza haiwezi kuonyesha video ya aina hiyo. Nikaperuzi: kumbe makampuni yanagombania hataza, yaani haki ya kumiliki ule ufundi wa kubana video. Waliotengeneza brauza wakaogopa kesi, wakauondoa.

(Na asije mtu hapa na "si ungepakua". Haipakuliki!)

Nikamwambia, "Mama, kuna watu wanagombania haki."

Akanikazia macho. "Matanga hayajaanuliwa, wameshaanza kugombania mirathi?"

Jamani! Nikamwambia si mirathi, ni ufundi wa video tu.

"Basi iache hivyo hivyo, mwanangu. Nisikilize."

Tukasikiliza. Dua. Majembe. Mchanga ukimwagika.

Akanishika mkono. "Hapo ndo wanamfukia, au bado?"

Na mimi natazama weusi uleule anaoutazama yeye.