Mavi ya Mbuzi kwa Mgeni

Kuhusu paa nunga, Kaingu ni profesa. Cheti hana, labda kile cha ubatizo, nacho mchwa walikitafuna. Lakini muulize huyo paa mdogo mwekundu, mwenye mkanda mweupe matakoni, anakula nini, atakujibu bila kukohoa. Hupenda kusimama chini ya mti wenye kima. Kima anang'ata tunda mara moja, analitupa kama tajiri, paa anaokota. Maua yakianguka, anaokota. Majani machanga, vivyo hivyo.

"Ni kama mbunge na wapiga kura," Kaingu husema, "ila kima hudondosha kweli."

Kwa elimu hiyo, mwaka jana Afiya, mtafiti kijana kutoka Malindi mjini, alimwajiri katika msitu wa Arabuko. Kazi yao ilikuwa kujua paa wanachagua kula na kulala wapi. Walifunga kamba chini, mraba kwa mraba, kisha wakapiga magoti kutafuta majani yaliyong'atwa na kuhesabu mavi. Mtu wa miaka sitini na mmoja, alipwe kwa kuhesabu mavi! Jamaa zake wa Muyeye walicheka, halafu wakauliza kama nafasi zipo.

Upande wa magharibi mavi yalipatikana. Upande wa mashariki, miraba kumi na miwili, siku tatu, hata punje moja. Afiya akawa anaandika sifuri, na kila sifuri ilimchoma Kaingu. Kwao mgeni hafunuliwi chungu kitupu. Hata kuku anayetaga huchinjwa. Huyu binti amekuja na buti zake na adabu zake, aondoke na sifuri kumi na mbili?

Siku ya nne alfajiri Kaingu aliingia zizini mwa mkewe, Kahaso. Akachagua mavi ya wana-mbuzi, yale madogo yanayofanana na ya paa, akajaza mfuko. Alipofika msituni akayatia mirabani kwa kiasi, kama mtu anayeonja chumvi.

Afiya nusura aruke. "Mzee Kaingu, kumbe wapo!"

"Msitu una haya, mwanangu. Hautoi vyote siku moja."

Sentensi hiyo hadi leo akiikumbuka hutamani ardhi ipasuke.

Wiki moja baadaye, Afiya akamweleza kwa furaha atakayowaambia walinzi wa msitu kesho yake: paa wanahamia mashariki, kwa hiyo walinzi wahamishwe kutoka magharibi. Kaingu akaweka kikombe cha chai chini. Magharibi ndiko walikobaki paa wenyewe. Walinzi wakiondoka, wawindaji wangewamaliza kwa mwezi mmoja.

Nyumbani hakugusa sima.

"Baba Charity, unaumwa?" Kahaso akauliza. Akamweleza. Kahaso akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mbuzi wangu wameingia chuo kikuu, na wewe ulishindwa darasa la nne!" Kisha kicheko kikakatika. "Utamwambia mwenyewe, au nimpeleke beberu akajieleze?"

Asubuhi alimkuta Afiya kwenye miraba ya mashariki, akipiga picha za mwisho.

"Shikamoo, mzee."

Hakuweza kusema marahaba. Akasema, "Hayo ni ya mbuzi. Niliyaweka mimi. Niliona aibu uondoke mikono mitupu."

Afiya akakaa juu ya gogo. Kaingu angefurahi kutukanwa. Matusi yana mwisho. Lakini binti alifungua daftari, akakata kurasa mbili kwa kalamu, akauliza polepole, "Basi nifundishe. Huku kima wapo. Matunda yanaanguka. Vichaka vya kujificha tele. Paa kakosa nini?"

Jibu la kusingizia chui lilikuwa tayari ulimini. Kaingu alilimeza.

"Hakukosa kitu. Nilitega hapa miaka tisa. Nyaya arobaini. Nilijua anaokota chini ya mti gani, mwezi gani, anapita wapi kwenda kulala. Ujuzi wangu wote unaousifu, mwanangu, niliupata nikiwavizia. Hizo sifuri ulizoandika ni kazi yangu."

Kwa mara ya kwanza alijua kwamba hakuwa akimsitiri mgeni. Alikuwa akijisitiri mwenyewe.

Afiya akaandika, akijisomea kwa sauti: "Chakula kipo. Maficho yapo. Paa hakuna, walimalizwa kwa mitego." Akainua kichwa. "Walinzi watabaki magharibi. Lakini wataniuliza nani kaniambia."

"Waambie Kaingu wa Mwaro," akasema. "Wananijua."

Kisha akapiga magoti akaanza kuokota mavi ya mbuzi, mraba kwa mraba, akiyatia kwenye kofia yake. Afiya alimtazama. Hakumsaidia.