Kihispania Kisicho na Shikamoo

Mama alipotangaza kwamba hataguswa jicho na mtu asiyeelewana naye, nilikuwa na miaka arobaini na saba, na Kihispania changu chote kilikuwa maneno mawili ya mpira.

Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Kwa miaka mitatu alitutambua kwa sauti na kwa mchakacho wa kandambili. Madaktari wa macho kutoka Hispania walikuwa wakija mara moja kwa mwaka katika hospitali ninayofanyia usafi, na mkalimani wao alikuwa amehama. Wakatuma ujumbe: anayetaka kusimama chumba cha upasuaji kama mkalimani, kwanza afaulu mtihani wa Kihispania wa ngazi ya kwanza. Tulipewa miezi minne.

"Wewe ukisimama pale, nitalala," Mama alisema. "Usiposimama, nitakufa na giza langu. Nimeshalizoea."

Mama hatanii. Nikajiandikisha.

Nyumbani kwetu Issuna niligeuza nyumba kuwa daftari. Mtungi wa maji niliubandika *agua*, mlango *puerta*, na kwenye gunia la alizeti nikaandika *girasol* kwa mkaa. Mke wangu alivumilia mpaka nilipomfunga kuku kikaratasi mguuni, *gallina*. Jumapili alimchinja yuleyule.

"Sasa umeze na neno lake," akasema, akinisogezea bakuli.

Nilimeza. Neno hilo sijawahi kulisahau tena.

Kazi ngumu ilikuwa mazungumzo. Mtihani ungefanyika kwa kompyuta mjini Singida, ana kwa ana na mtahini aliye Hispania, na sehemu ya kwanza ilikuwa dakika mbili za kujitambulisha: jina, umri, kazi, unapoishi. Nilihitaji mtu wa kufanyia mazoezi. Mke wangu alikuwa na mbuzi na mashamba ya kushughulikia, kwa hiyo mtahini wangu akawa Mama, ambaye hakuelewa hata neno moja. Alikaa kwenye kigoda chake uani, mikono magotini, nami nikaanza kutaja jina langu.

"Simama," alisema. "Hujasalimia."

"Nimesalimia, Mama. Nimesema *buenos días*."

"Hicho ni kikohozi. Shikamoo yao iko wapi?"

Nikamwambia hawana. Akauliza watoto wa huko wanalelewaje. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Tangu siku hiyo hakuniruhusu kusema jina langu kabla sijauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za mifugo, na kila nilipojaribu kuruka hatua alinirudisha mwanzo. Kihispania hakukijua, lakini alijua urefu wa salamu kamili, na ikipungua alisikia. Miezi minne nilimsalimia asubuhi na jioni, mpaka maneno yakawa yanatoka yenyewe.

Hilo ndilo lililoniponza.

Siku ya mtihani nilivaa koti la harusi yangu. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea mama mmoja aliyenizidi umri, mwenye miwani. Rika la kuamkiwa kabisa. Akasema nijitambulishe. Mimi, mwana wa mama yangu, nitamwambiaje mama wa watu jina langu kabla sijajua ameamkaje?

Nikamuuliza ameamkaje. Akajibu vizuri, akanyoosha mkono niendelee. Nikauliza nyumbani hawajambo? Watoto je? Akasema anaye mmoja, anasoma. Nikashukuru. Mvua huko zimenyesha? Akatazama dirishani, akasema kidogo. Nilijua kwamba dakika zinakwenda, jasho lilikuwa limefika kwenye soksi, lakini salamu huikati katikati, ni sawa na kumfungia mgeni mlango akiwa na mguu mmoja ndani. Nikauliza: na ng'ombe?

Akasema hana ng'ombe.

"*Lo siento mucho*," nilimwambia. Pole sana. Na nilimaanisha. Mtu mzima, msomi, hana hata ndama.

Yule mama akavua miwani, akafuta macho. Nikadhani nimemkumbusha msiba. Alikuwa anacheka. Kengele ikalia, dakika mbili zimeisha, na jina langu bado nilikuwa nalo mdomoni.

Wiki mbili zile za kusubiri majibu sikutaka kuzikaa na Mama, nikawa natoroka kwenda kupalilia hata pasipo na magugu. Niliona nimemuuza kwa adabu aliyonifundisha mwenyewe. Majibu yalipokuja nilikuwa nimevuka kwa alama moja. Kusoma na kusikiliza ndiko kulikoniokoa. Chini ya sehemu ya kuzungumza palikuwa na maelezo: mtahiniwa anajua kusalimia kuliko wote tuliowahi kuwasikia, ila hatujafahamu yeye ni nani.

Nilimsomea Mama. "Umeona?" alisema.

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza nilisimama kichwani pake, nimevaa kofia ya plastiki na barakoa. Daktari aliingia moja kwa moja kwenye kazi, akawasha taa. Mama akakunja uso, mikono ikashika kingo za kitanda.

"Huyu mbona hajasalimia?"

Nikatafsiri, na nikamweleza daktari utaratibu wote kwa Kihispania changu cha mtungi na kuku. Akasita. Kisha akainama na kuuliza polepole habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na mwisho, za ng'ombe.

"Mwambie wako sita," Mama alijibu, "na mmoja ana mimba." Vidole vyake vikaachia kingo. Hakutikisika tena mpaka tukamaliza.

Kesho yake asubuhi daktari alimfungua bandeji, akainua vidole vitatu mbele yake. Nikamuuliza Mama ni vingapi. Hakuviangalia. Alikuwa ananitazama mimi, kwa muda, akipepesa jicho.

"Wewe," akasema, "upara huo umeanza lini?"

Daktari akanigeukia, anataka kujua mgonjwa amesema nini. Machozi yalikuwa yananitoka, na neno upara halimo katika ngazi ya kwanza. Nikainamisha kichwa, nikamwonyesha.