Aliyelala Upande wa Pili wa Mtoto

Nilipokuwa mtoto kwa bibi yangu Nyarero, nilichokiogopa kuliko fisi ni kumwona mwanamke akinyonyesha huku amelala. Bibi alikuwa ametuambia wazi: mama akijilaza na kumpa mtoto ziwa, marehemu wa nyumba hiyo huja kulala upande wa pili, akaivuta pumzi ya mtoto taratibu mpaka iishe.

Cheka ukitaka. Sisi hatukucheka, maana mji mzima wa bibi ulimtegemea mtoto mmoja. Sote tulijua bibi amezaa mabinti watupu. Kwa Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ndivyo Bhoke alivyokuja kwetu kutoka upande wa Serengeti, na ndivyo alivyozaliwa Mwita. Mwita akifa, nyumba ya bibi imefungwa.

Bhoke alijifungua kwa taabu, akachanika, na kukaa kukawa adhabu. Bibi hakujali. Alimkalisha kwenye kigoda, mgongo ukutani, khanga imekunjwa chini ya kiwiko. Ukweli usemwe, kwa mwanamke mzima wa afya mkao ule ulikuwa mzuri. Lakini Bhoke alijikunja kwa maumivu, mtoto akawa anashika ncha ya chuchu tu, na chuchu zikapasuka.

"Mama, niache nimnyonyeshe nimelala. Siwezi kukaa."

"Utamnyonyesha umekaa. Humu ndani kuna mtu anasubiri."

Bibi alisema hivyo mchana kweupe, bila kupandisha sauti. Nilitazama kona zote. Tangu hapo sikupenda kuingia peke yangu chumbani mwa Bhoke.

Siku moja bibi alikwenda gulioni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbiwa hivyo kila siku, ila Bhoke alikuwa amechoka hata kusikia. Alisubiri bibi apotelee kwenye migomba, akajilaza ubavu, akamvuta Mwita. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake ukilegea.

"Rhobi, usimwambie," akaniambia.

Nikakaa mlangoni nikiutazama ule upande wa pili wa mtoto. Blanketi lilikuwa limejikunja pale kama mtu aliyejifunika. Nilitaka kuliondoa, sikuthubutu kusogea. Bhoke akaanza kukoroma. Mwita alikuwa akimeza kwa sauti, kisha nikawa simsikii, nikadhani ameshiba.

Bibi alirudi kuchukua kikapu alichosahau. Alichungulia, akanipita. Ziwa lilikuwa limeufunika uso wote wa mtoto. Alipomnyanyua, mikono ya Mwita ilining'inia na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Bibi akaufunika uso ule mdogo kwa kinywa chake, akapuliza kidogo, akapuliza tena. Kisha Mwita akakohoa maziwa, akalia, nami nikajikojolea palepale.

Bhoke alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilifumba macho kidogo tu."

Tulingoja fimbo. Bibi akakaa sakafuni na mtoto kifuani.

"Hata mimi nilifumba kidogo tu," akasema. "Naye alikuwa wa kiume."

Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na mjomba. Hata mama yangu hakujua.

Tangu siku hiyo Bhoke alinyonyesha amelala ubavu, tumbo la mtoto limegusana na tumbo lake, na bibi alikaa pembeni bila kusinzia, kidole chake kikilizuia ziwa lisifike puani mwa Mwita. Miaka mingi baadaye nilijifungua kwa upasuaji hospitalini Mugumu, na nesi akanifundisha mkao huohuo: pua iwe wazi, nguo nzito zikae mbali, na usingizi ukikuzidi, mpe mtu mtoto au mlaze mahali pake. Nilimsikiliza huku nalia, akadhani ni kidonda.

Yule marehemu nimeacha kumwogopa. Ninayemfikiria ni bibi, miaka yote ile akituambia kuna mtu anasubiri chumbani, kumbe mtu mwenyewe ni mwanawe mchanga. Alimlilia na kumwogopa kwa pamoja, na hakuwa na wa kumwambia.