Visimamo vya Gari la Betri

Juma lililopita nilisoma gazetini makala ya bwana mmoja msomi anayedai kwamba magari ya betri, pamoja na yale yanayochanganya betri na petroli, hayana mustakabali katika nchi yetu. Sababu yake kubwa ni kwamba yalikwisha kujaribiwa zamani, na kumbukumbu zinaonyesha yalikuwa yakisimama ovyo njiani. Sina elimu ya mitambo. Lakini najua kumbukumbu za namna hiyo zilivyopatikana, kwa kuwa baadhi yake niliziandika mimi, kwa mkono wangu, wala sikuandika uongo hata mstari mmoja. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Nilikuwa karani wa serikali Nyarugusu, katika ofisi ya chumba kimoja iliyotazamana na zahanati. Zahanati ilikuwa mikononi mwa dresa, yaani mhudumu wa vidonda, Mzinza mpole aliyekuwa na kwinini, dawa ya vidonda, bendeji na si zaidi ya hapo. Mgonjwa wa kupasuliwa, hasa mama aliyeshindwa kujifungua, alipaswa kufikishwa hospitali ya Geita. Petroli ilitolewa kwa kibali, na lori la serikali lililotuhudumia lilitokea upande wa Kagongwa siku lilipojisikia. Wagonjwa wetu walibebwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana na wenzao wanne. Wengi walirudishwa kabla ya kufika nusu ya njia, wakiwa wamefunikwa uso.

Aliyetaka kuikomesha hali hiyo alikuwa fundi umeme wa mgodi mmoja wa jirani, mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Kwa ruhusa ya wakubwa wake alichukua gari dogo la mizigo lililokufa injini, akalitia mota pamoja na betri kuukuu zilizokuwa zikivuta vibehewa vya mawe chini ya ardhi. Betri peke yake zilichoka katikati ya safari ya Geita. Basi akafunga nyuma kiinjini cha pampu ya maji, kikawa kinazungusha dainamo na kuzilisha betri huku gari likienda. Petroli ambayo lori lingeimaliza kabla ya kuvuka kijito cha kwanza ililifikisha gari hili Geita.

Serikali ikakubali lijaribiwe kwa miezi sita katika kazi ya zahanati. Likifaulu, lingebaki kwetu moja kwa moja; likishindwa, betri zingerudi mgodini. Mimi nikaagizwa kushika daftari lake la safari.

Naomba nieleweke. Nilikuwa kijana niliyeamini kwamba kazi ya karani ni kuandika kilichotokea, chote, bila kumpendelea mtu. Nilipoweza nilipanda garini mwenyewe, saa mkononi. Nisipoweza, fundi alinipa maelezo yake akirudi, kabla hajanawa mikono.

Katika safari ya kwanza, kwenye mteremko, fundi alikizima kiinjini na gari likashuka kimya kabisa. Tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani, wasigeuze hata sikio. Fundi akakanyaga breki mpaka pua ya gari ikagusa mkia wa ng'ombe wa mwisho. Mchungaji, mzee wa Kisukuma, akatujia na fimbo yake.

"Mwangaluka!" akatuamkia kwanza, maana adabu hakuisahau. Kisha akafoka, "Gari gani hili linalonyemelea watu kama fisi? Ng'ombe watajuaje kwamba unakuja?"

"Shikamoo, mzee. Safari ijayo nitakuja napiga ngoma."

"Marahaba. Ngoma utapiga huku unaendesha kwa miguu?"

Safari iliyofuata fundi alifunga njuga za wachezaji mbele ya gari, na ng'ombe wakaanza kupisha. Katika daftari nilikwisha kuandika: *Kisimamo, sababu ng'ombe.* Nikaandika pia waya uliolegea, maji ya betri yaliyoongezwa na kiinjini kilichokataa kuwaka mpaka kilipopigwa teke.

"Karani," fundi aliniambia siku moja, "nimesimama nikaze skrubu moja tu. Mtu hawezi hata kumaliza kupiga miayo. Na hilo nalo?"

"Umesimama, bwana. Nimeandika."

"Siku nikipiga chafya uniambie kama ni chafya ya petroli au ya betri."

Dresa aliyekaa nyuma na mgonjwa alicheka. Alikuwa amebadilika siku hizo, anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Katika miezi sita ile kila mama tuliyemchukua alifika Geita akiwa hai. Hilo nalisema kwa hakika: nisipokuwapo, dresa alikuwapo.

Miezi ilipotimia, mkaguzi wa magari alikuja kutoka Shinyanga. Akaweka madaftari mawili juu ya meza yangu, la gari la betri na la lori. Langu lilikuwa limejaa kurasa za visimamo. La lori lilikuwa na tarehe za kuondoka na kufika, na upande wa hitilafu palikuwa peupe tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umefanya kazi safi sana," akaniambia. "Sijapata kuona daftari lililoshikwa vizuri namna hii. Sasa tazama mwenyewe. Hili limesimama kila safari. Hili lingine halijaharibika hata mara moja."

Nilimweleza kwamba lori lile liliwahi kulala Kagongwa siku mbili, ekseli imekatika, na barua zangu zikiwa ndani. Nikamweleza kuhusu Tinde, mahali nilipolisukuma mimi mwenyewe nikiwa na koti langu la kazi.

"Imeandikwa?"

"Dereva wake haandiki hitilafu, bwana. Lakini niliona kwa macho."

"Ungekuwa mimi, ungepokea taarifa ya hivyo?"

Nisingepokea. Watu wengi nilikuwa nimewarudisha mlangoni mwangu kwa swali lake la kwanza: imeandikwa? Nikataja akina mama waliofika salama. Akajibu kwa upole kwamba hizo ni habari za idara ya tiba, yeye alitumwa kupima magari. Akatia sahihi. Gari la betri liondolewe. Lori lipangiwe kuihudumia zahanati kila litakapoitwa. Katika taarifa hiyohiyo alinisifu, na sifa ile ikanipandisha cheo baadaye. Sikuikataa.

Fundi alikuja kufungua betri zake mwenyewe. Nilitoka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

"Acha, Karani, tindikali itakuunguza. Ungeandika kidogo tu, ndugu yangu. Kidogo tu."

Nikamjibu kwamba kosa ni la yule asiyeandika. Nalishikilia hilo mpaka leo. Lakini gari liliondoka likivutwa kwa mnyororo.

Masika yalipoanza, aliletwa mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amekingama tumboni. Dresa akapeleka mjumbe kwa baiskeli kuliita lori. Siku ile halikuja, wala ya pili. Asubuhi ya tatu wanaume wakamfunga kwenye kitanda wakaondoka naye. Kabla ya adhuhuri niliwaona wanarudi, wanatembea polepole, hawapokezani tena, mama amefunikwa uso.

Dresa alikuja ofisini kwangu moja kwa moja, matope magotini.

"Bwana Karani, nataka uandike katika daftari la lori kwamba halikuja."

"Daftari hilo linakaa ndani ya lori, Bwana Dresa. Dereva ndiye anayeandika."

"Basi andika barua."

Niliandika barua ya kurasa tatu, kila jambo na saa yake. Majibu yalichelewa sana. Yalipofika yalikuwa mistari minne: daftari la lori limekaguliwa, halionyeshi hitilafu yoyote katika tarehe zilizotajwa, wala halionyeshi kwamba liliitwa. Suala hilo limefungwa.

Nilimsomea dresa. Akaniomba nimsomee mara ya pili, nikasoma. Akauliza kama kuna mkubwa mwingine wa kuandikiwa. Nikamwambia yupo, ila naye angeomba kuliona daftari lilelile.

Kuna mama alikuwa ameingizwa zahanati tangu alfajiri, na dresa ndiye aliyekuwa akingojewa. Aliinuka akavuka uwanja, akawaita wanaume wanane, na kupitia dirishani kwangu niliwatazama wakikaza kamba za kitanda.