Magoti ya Rehema

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kwetu kwenye kilima cha Kibuli, alizaliwa mdogo wangu Rehema, midomo yake kama ya mtu aliyekula zambarau. Akinyonya alitweta. Akilia sana, ubuluu ulifika hadi kwenye kucha, kisha alinyamaza ghafla na kulegea.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake. Alisema kuna jini linalopenda vifua vya watoto. Dawa yake ni kumkunja mtoto magoti yaguse kifua, umshikilie hivyo mpaka jini likose nafasi ya kukaa.

"Wala msimwache alie," alituonya. "Kilio ndicho kinacholiita."

Majirani nao walikuwa na lao. Walimshauri mama asimzoee sana yule mtoto, maana ni mgeni tu. Mama aliwapa chai, akawashukuru kwa kuja, kisha akarudi kwenye cherehani. Alikuwa akimshonea Rehema gauni la mtoto wa miaka miwili.

Alimnyonyesha kidogo kidogo kutwa nzima, akimpumzisha kila baada ya mafunda machache. Mtoto alipofikisha miezi saba, mama aliamua kumpeleka hospitali kubwa. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi, baba yuko safarini, na mtu hakutoka nyumbani ila kwa shida. Tulishika njia asubuhi kwa miguu, mimi nikibeba chupa ya chai.

Chini ya kilima tulikuta kizuizi. Askari mmoja alivuta khanga ya mama ili aone kilichofunikwa. Rehema akashtuka, akalia, akawa buluu.

Mama aliketi palepale barabarani, akamkunja magoti.

"Wewe mama, simama," askari alisema. "Nasema simama."

Mama hakuinua macho. "Nitasimama mwanangu akishapumua."

Niliona bunduki ikishuka kutoka begani. Mimi nilijikojolea. Watu waliokuwa nyuma yetu walitazama pembeni. Sijui tulikaa muda gani, ila mwishowe Rehema alivuta pumzi moja ndefu, kisha nyingine, na midomo ikaanza kurudia rangi yake. Nilipogeuka, askari alikuwa amechuchumaa kando yetu.

"Mtoto iko na nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kifua," mama alijibu.

"Basi enda. Enda pole pole."

Hospitalini, daktari mzee alimsikiliza Rehema kwa muda mrefu. Alisema moyo una tundu, na njia ya damu ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Huenda upasuaji ungemsaidia, lakini aliyeuweza alikuwa amekwisha kuihama nchi. Kisha akauliza mama hufanya nini mtoto anapobadilika rangi. Mama alimwonyesha.

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe wangu. Anasema ni jini."

Daktari hakucheka. "Mwambie hata sisi tunafanya hivyohivyo. Na akichoka, mwacheni apumzike."

Rehema alilivaa lile gauni, na mengine mengi baada yake. Alichelewa kutembea, na akichoka njiani alichuchumaa mwenyewe, kidevu juu ya magoti, nasi tukamsubiri. Alikwenda shule. Tuligombana juu ya kitana. Alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu, asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Watu huniambia bibi alikuwa mjinga. Sibishani nao. Jini sikuliona. Nilimwona mama akilipokea neno la mkwewe na la daktari, akiyafanyia kazi yote mawili, na la majirani akiliacha liende na chai yao.

Uzeeni kwake nilimwuliza kama siku ile barabarani hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini mikono ilikuwa na kazi."

Sasa mimi mwenyewe nina wajukuu. Hofu ikinijia, kwanza mimi hutafuta cha kufanya.